Mkaguzi Amepanda Tena

Voi, Jumanne, 1 Oktoba 1957

Tryphena aliondoka Jumamosi, na daftari hili alilonunua kwa ajili ya watoto wa shule ya Jumapili amelisahau mezani. Ni jipya kabisa. Nyumba ikiwa kimya namna hii mtu huanza kusemezana na sufuria, na mimi afadhali nisemezane na karatasi.

Habari yenyewe ni hii. Mke wangu ni mjamzito. Amepanda kwao Ronge akae kwa mama yake mpaka ajifungue, kwa sababu mimba tatu za kwanza zote ziliharibikia hapahapa Voi, na mama yake anasema ni joto la huku na kubeba ndoo. Huenda ni kweli, sina ubishi. Ila mimi niliambiwa Ijumaa jioni, nguo zikiwa zimekwisha kufungwa. Mama yake alijua. Noah ndugu yake alijua. Bi Mwanamina, jirani yetu wa mlango wa pili hapa landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, mke wa Rashid gadi wa treni, naye alijua, tena ndiye aliyemsaidia kufunga mzigo. Mimi mwenye mke nilikuwa wa mwisho.

"Nilingoja ifike miezi mitano," aliniambia. "Niliogopa kukupa matumaini halafu tuyazike tena."

Sawa. Sina hasira.

Ameniachia kobe watatu. Vijana wa genge la reli huwakuta wamenasa katikati ya reli, hawawezi kuvuka chuma, basi humletea yeye badala ya kuwatupa porini, kwa kuwa wanajua atawapa chai. Zabibu na Mzee ni watulivu, wanakula na kulala. Wa tatu ndiye balaa. Kila asubuhi anakwenda kwenye pembe ya zizi, anapanda, anaegemeza miguu ya mbele juu ya taruma, yale magogo ya reli yaliyozungushiwa zizi, anatoa shingo na kutazama nje. Tryphena alimwita Mkaguzi, kwa sababu hivyo ndivyo anavyotazama yule bwana wa Nairobi anapokuja kuona nani amelala kazini.

"Nataka nikirudi niwakute wote watatu," aliniambia pale kituo cha basi. "Usiniangushe, Thadeus."

Nani atanipikia, hilo hakulitaja.

Alhamisi, 3 Oktoba

Joto. Mkaguzi amepanda, ameanguka, amepanda.

Jumapili, 6 Oktoba

Nilisoma somo kanisani. Watu wakaniuliza mama yuko wapi. Nikasema amekwenda kusalimia kwao. Nikirudi nilipita landhi nzima nikiitikia salamu. Hapa kila mwanamume ni Baba Fulani. Mimi peke yangu ndiye Thadeus, kama nilivyoitwa nikiwa mtoto nikichunga mbuzi.

Nimekula ugali na maziwa. Jana pia.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo nyapara wa genge amekuja na watu wake wakachukua mataruma yote ya zizi la kobe. Anasema ni mali ya reli na yanahitajika njia ya Taveta. Nilimwambia yamekaa hapo miaka mitatu na hakuna treni iliyoanguka. Hakucheka.

Kobe wamelala ndani. Mkaguzi amepanda viatu vyangu vya kazi, akavisukuma mpaka uvunguni, akaviacha huko. Nimechelewa zamu kwa ajili ya kutafuta kiatu, na kwenye pampu hakuna kuchelewa. Injini zote zinazosimama Voi zinakunywa maji ninayoyasukuma mimi, tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni. Usiku anashika mwenzangu Munyao.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimejenga zizi. Nimebeba mawe kwa karai tangu mchana, maana Jumamosi zamu yangu ni nusu siku, mgongo haunyooki, lakini nimejenga. Mimi nami ni wa Ronge, na huko mtoto wa kiume hujifunza ukuta wa mawe kabla ya kujua kusoma. Mawe makubwa unayaweka chini, kila safu unaisogeza nyuma kidogo, unaulaza ukuta, kisha nyuma yake unashindilia udongo. Marehemu baba alijenga matuta ya namna hiyo kwenye shamba letu, na mvua zote zilizonyesha hazijaondoa hata jiwe moja. Nimefanya vilevile, mduara mzima, na udongo nimeushindilia kwa nje.

Bi Mwanamina alikuja, akautazama, akasema, "Mmh." Nadhani wa Pwani hawajui mawe.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mkaguzi amepanda.

Jumanne, 15 Oktoba

Mkaguzi amepanda tena. Nimeongeza safu mbili.

Ijumaa, 18 Oktoba

Noah amekuja sokoni na kabichi zake, akanipitia. Ni kijana mpole, mdogo kwa Tryphena, huongea akitazama viatu. Anasema dada yake hajambo, anakula vizuri, tumbo linaonekana.

"Anauliza kobe wanaendeleaje."

"Wanaendelea vizuri. Na mimi je? Hakuniuliza?"

Noah akafikiri. "Alisema wewe ni mtu mzima."

Nikamchemshia chai. Alipoondoka nilikaa nikitazama kikombe chake. Nyumba hii ilikuwa na maneno mengi sana, nami nilikuwa nikiyaona ni kelele. Jioni alikuwa akinisimulia nani amegombana na nani bombani, namjibu "enhe, enhe," nusu nimelala. Sasa hata sijui nani amegombana na nani.

Mkaguzi amepanda. Nimeongeza safu nyingine.

Jumanne, 22 Oktoba

Gari la moshi lililobeba wafungwa lilisimama kunywa maji. Madirisha yamefungwa. Tuliambiwa tusisogee. Sikusogea.

Alhamisi, 24 Oktoba

Leo nusura nimpoteze.

Ilikuwa saa saba mchana, jua la kupasua kichwa, niko kwenye pampu natia grisi. Mara nikasikia naitwa. Bi Mwanamina anakuja mbio kando ya reli, buibui limemshuka mabegani, na mama yule hana mwili wa kukimbia.

"Thadeus! Njoo umtazame huyu mnyama wako. Amekufa, hajafa, mimi sijui!"

Nilimwachia kijana wa makaa pampu, nikakimbia. Mkaguzi alikuwa amelala chali katikati ya zizi. Alipanda mpaka karibu na juu, ukuta niliouongeza mwenyewe, akaporomoka kutoka huko. Miguu ilikuwa bado inakata hewa, lakini polepole sana, na mdomoni ana povu. Bi Mwanamina alikuwa amemfunika kwa leso yake apate kivuli.

"Mbona hukumgeuza?"

"Namwogopa! Wallahi tangu nizaliwe sijamshika kobe."

Nilimgeuza. Gamba lilikuwa la moto, nusura liniunguze. Nikamweka ndani ya karai, nikammwagia maji kidogo kidogo, naye akakaa tu, shingo imelegea. Nilimwomba. Ndiyo, nilimwomba kobe. Nilimwambia nifanyie hisani, usinifie, nitamwambia nini mwenyewe. Baada ya muda mrefu akaingiza pua majini, akanywa.

Bi Mwanamina alikuwa bado amesimama anautazama ukuta.

"Mwanangu, kujenga hivi nani alokufundisha?"

"Ndivyo tunavyojenga kwetu."

"Na kwenu mwazuia nini?"

"Udongo. Mvua isichukue shamba."

"Udongo hauna miguu," alisema. Akalaza kiganja chake hewani, kisha kingine nyuma yake, juu kidogo. "Tazama. Jiwe hili nyuma ya hili, na hili nyuma ya hili. Umemjengea ngazi. Kisha kila siku wamwongezea, apate kuanguka kutoka juu zaidi."

Niliutazama ukuta wangu na nikaona ni kweli. Wiki mbili nimetoa jasho kumtengenezea kobe njia ya kuvunjika. Mtu mwenye akili angesema ahsante mama. Mimi niliona damu inanipanda kichwani.

"Basi aende!" nilipiga kelele. "Kama hapa hapamfai, aende! Namletea majani, namletea maji, nimemjengea kwa mikono yangu, na kila siku yuko ukutani anatazama nje! Mnataka nifanye nini zaidi?"

Bi Mwanamina akanitazama usoni.

"Huyu unayemsema ni kobe?"

"Ni kobe!"

"Haya." Akaokota leso yake, akaikung'uta vumbi, akaenda zake.

Jioni aliniletea wali na papa, akaweka mlangoni bila kubisha. Nimekula. Nimeona haya sana.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemrudishia sahani na nimemwomba radhi. Alisema, "Yamekwisha. Huo ukuta usimamishe wima, hatapanda." Nikasema nitausimamisha Jumamosi.

Jumamosi, 26 Oktoba

Sikuusimamisha. Nimeondoa safu za juu tu. Kubomoa ukuta wa baba, hata kama baba hakuujenga yeye, kunanishinda.

Jumapili, 3 Novemba

Mawingu yamekaa juu ya mlima Ndara mchana kutwa, kisha yakaondoka. Huko milimani bila shaka wamekwisha kupanda maharagwe. Noah hakuja wiki hii.

Ijumaa, 8 Novemba

Noah amekuja bila kabichi. Nilipoona mikono mitupu nilijua.

"Shemeji, Tryphena anaumwa tumbo tangu Jumatatu. Na damu kidogo. Mama amemlaza, hasimami."

Nilishika mlango. "Mkunga amemwona?"

"Amemwona. Amesema alale asibebe kitu, na tungoje." Akaanza kuchora chini kwa ncha ya kiatu. "Kuna neno lingine. Nyumbani tulikaa tukaulizana. Mama, mimi, mashangazi, kila mtu. Tumetasa wote."

Hili neno naliandika kwa uwazi, maana hata mimi sijalitamka tangu nilipobatizwa. Wazee wetu husema hasira ikifichwa moyoni haikai hapo ilipo. Inatoka na kumwendea aliye dhaifu kuliko wote katika ukoo, mgonjwa au mtoto, hata aliye bado tumboni. Kwa hiyo mwenye hasira hutia maji mdomoni, au maji ya miwa, akayapuliza nje kwa nguvu, akaitaja hasira yake mbele ya watu wake, akapuliza tena, mpaka iishe. Ndiko kutasa. Babu yangu alitasa kila alipogombana na mtu, na alikuwa mgomvi. Sisi wa kanisani tunasema tumeyaacha, na mimi ndiye msomaji wa somo.

"Umebaki wewe," Noah akasema.

"Mimi sina hasira."

"Sikusema unayo. Nasema umebaki."

"Mwambie mama nitaomba. Nitafunga, nitaomba."

"Mama naye anaomba, shemeji. Asubuhi na jioni yuko magotini. Na ametasa vilevile."

"Sina hasira, Noah!"

Majirani walichungulia. Noah akaniangalia usoni, jambo ambalo halifanyi kamwe, kisha akarudisha macho chini. Akasema wanasubiri, nifikirie. Hakuuliza habari za kobe.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimefunga. Nimeomba. Sina hasira.

Jumapili, 10 Novemba

Nilisoma somo. Sauti ilikatika katikati, nikajifanya ni kikohozi.

Jumanne, 12 Novemba

Joto halisemeki. Mkaguzi amepanda, na mimi nilikaa nikimtazama bila kumshusha. Anaweka mguu, unateleza, anauweka tena palepale. Hana chuki na ukuta wala na mimi. Nimemwonea wivu.

Alhamisi, 14 Novemba

Mvua ilikuja kabla ya alfajiri, mvua ya kweli, mabati yakawa hayasikilizani. Kulipopambazuka nilitoka. Zabibu na Mzee wamo, wanakunywa kwenye dimbwi. Mkaguzi hayumo. Udongo niliokuwa nimeushindilia nje ulikuwa umechimbika, na alama za makucha zinashuka upande wa pili.

Nilikwenda kwa Munyao nikamwomba anishikie zamu kidogo. Nikatafuta nyuma ya landhi, kwenye mitaro, chini ya mabehewa mabovu. Nilikuwa nimelowa chapachapa. Nilifika njia ya Taveta nikamwona, mbali kidogo, katikati ya reli. Anakwenda. Anasukuma chuma kwa bega, anashindwa, anasogea mbele, anasukuma tena. Yeye aliyepanda ukuta wangu wote, reli ile nyembamba imemshinda. Na pale kwenye ishara palikuwa na gari la mizigo linangoja kuingia.

Nilimnyanyua, nikamweka juu ya kokoto. Kisha nikainama nikaanza kumgombeza.

"Ulikuwa unakwenda wapi? Nyumba si unayo? Chakula si unacho? Ungekufa hapa! Mbona hukuniambia? Ungeniambia tu! Miezi mitano unajua, tunakaa meza moja, unanitazama nikila, unanitazama nikilala, unamwambia jirani, mimi huniambii! Mimi ni nani kwako? Mbona hukuniambia?"

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Mvua inanipiga mgongoni. Kobe alikuwa amerudisha kichwa ndani.

Hapo ndipo nilipokaa juu ya reli, mtu mzima mwenye sare ya kazi, nikalia. Zile mara tatu sikulia. Leo nililia zote pamoja, mpaka dreva wa gari la mizigo akanipigia filimbi nitoke.

Naandika hapa nisije nikajikana kesho. Ninayo hasira. Ninayo na mke wangu, na ni kubwa, na nimekaa nayo mwezi na nusu nikiipa majani na maji.

Ijumaa, 15 Novemba

Stesheni masta amenipa siku mbili, kesho na keshokutwa. "Jumatatu saa kumi na mbili nikute moshi kwenye pampu," amesema. "Usipokuwepo, wako wengi wanaoitaka kazi hiyo." Najua. Huja kusimama getini kila mwisho wa mwezi.

Bi Mwanamina leo amekwenda Mombasa harusini kwa mpwa wake. Hakuna wa kumwachia kobe. Nimeutazama ukuta wangu, nikaubomoa wote, mpaka jiwe la chini. Nitasafiri na kobe kwenye gunia.

Ronge, Jumamosi, 16 Novemba

Nimefika mchana, tope mpaka magotini. Kondakta wa basi aliniuliza kwa nini gunia langu linatembea.

Tryphena amelala kwenye chumba cha mbele, kwenye kitanda cha mama yake, miguu imeinuliwa juu ya mto. Amekonda uso na tumbo limetokeza. Nilikuwa sijaliona. Nilisimama mlangoni nikalitazama, kisha nikafungua gunia.

"Umewaleta wote," akasema.

"Wote watatu."

Mkono wake ulishuka ukagusa gamba la Mkaguzi. Mimi hakunigusa.

Mama mkwe alinikaribisha kwa heshima yake yote, akaniletea maji ya kunawa na ndizi za kupikwa. Nilipokwisha kula, akaingia na kata ya maji, akasimama pembeni, kwa kuwa yeye na mimi hatutazamani usoni.

"Baba," akasema, "mimi ni mtu wa kanisa kama wewe. Mchungaji akiniuliza nitamjibu mwenyewe. Huyu mtoto ni wa nne."

Nikaipokea kata. Noah alikuwapo, mashangazi wawili, na Tryphena kitandani. Nilitia maji mdomoni, nikageukia mlango, nikapuliza. Yalitoka vibaya, mengine kwenye shati. Nikasema, "Nilikasirika uliponificha." Nikapuliza. "Nilikasirika jirani alipojua nami sijui." Nikapuliza. "Nilikasirika uliponiachia kobe na hukuniachia neno." Nikadhani nimemaliza, kumbe bado, nikaongeza mengine ambayo sikujua kuwa ninayo, hata kwamba nilimkasirikia kwa kuogopa peke yake wakati tungeweza kuogopa wawili. Mpaka kata ikaisha. Kifua changu kilikuwa chepesi.

Mama mkwe akaijaza tena, akampa Tryphena. Mke hutasa baada ya mumewe, ndivyo wanavyofanya katika ukoo wao, kwa hiyo alikuwa akinisubiri. Tryphena akajiinua kwa kiwiko, akatia maji mdomoni. Sote tukamngoja. Akayashika hapo muda mrefu, macho yamenielekea. Kisha nikaona koo lake limeshuka.

Aliyameza.

Mama mkwe aliichukua kata, akatoka nje. Mashangazi wakakumbuka kuni zao.

Ronge, Jumapili, 17 Novemba

Wote walikwenda kanisani wakatuacha wawili. Nilikaa kwenye kigoda karibu na kitanda.

"Jana ulinivunja moyo," nikamwambia.

"Ningefanyaje? Nipulize maji matupu? Kwa mtoto huyu siwezi kudanganya, Thadeus. Yako yametoka, nimeyasikia, na ni haki yako. Yangu hayakutoka."

"Basi yataje."

Alitazama dari kwanza.

"Mara tatu tumezika. Ya kwanza, ulichimba jioni, asubuhi ukaenda pampu. Nikasema ni kazi. Ya pili vilevile. Ya tatu nilikushika shati mlangoni, unakumbuka? Ukanitoa mkono vizuri tu, ukasema injini zinangoja. Ukaenda. Mimi nilibaki na kobe. Siku ile nilikaa zizini kutwa nzima, na yule Mkaguzi anapanda, anaanguka, namgeuza, anapanda. Ndiye niliyekaa naye. Nikaapa mimba nyingine sitaibebea katika nyumba ile, na sitakwambia mpaka nisiweze kuificha."

Nilitaka kusema kwamba injini kweli zilikuwa zinangoja. Nilitaka kusema kwamba kule kwenye pampu kuna kelele, na mtu akiwa ndani ya kelele hafikiri. Vyote ni kweli na nikaona havifai kitu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikushika shati," akasema.

Damu imepungua tangu Alhamisi. Mkunga alipita baada ya ibada, akamkanda tumbo, akasema moyo wa mtoto anausikia, lakini tusipige vigelegele.

Basi la kushuka Voi hupita saa tisa. Saa nane na nusu nilishika mfuko wangu. Mama mkwe alinifungia ndizi kwenye majani. Noah alikuja anisindikize barabarani. Tryphena alikuwa amegeukia ukuta. Nilikwenda mpaka barabarani, basi likaja, likasimama, kondakta akaniuliza leo huna gunia. Nikamwambia nenda.

Noah alinibebea mfuko kurudi.

Ronge, Jumatatu, 18 Novemba

Niliamka saa kumi na moja kwa mazoea. Nikalala macho wazi mpaka kukapambazuka, nikiwaza nani ametia moto. Nimeogopa leo kuliko siku zote za maisha yangu, na siandiki hivi kwa mapambo. Sina shamba la kutosha hapa, sina kazi nyingine ninayoijua.

Asubuhi nikaanza zizi la kobe uani, mbele ya mlango, mahali Tryphena anapoweza kuona. Walimtandikia mkeka kizingitini apate hewa. Nimechimba mfereji kwanza na kuyasimamisha mawe ndani yake, bapa bapa, wima, uso laini kwa ndani. Mkaguzi alikuwa amefungwa kamba mguuni, akitazama. Saa kumi alasiri nilipomtia ndani alikwenda moja kwa moja ukutani, akaparura, hakupata pa kukanyaga, akaparura tena mahali pengine.

"Zamu yako?" Tryphena akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kunisemesha tangu jana.

"Imeanza saa kumi na mbili."

"Nani yuko pampu?"

"Sijui. Labda Munyao amekubali kuendelea. Labda hakuna mtu."

"Na injini?"

"Zinangoja."

Nikaendelea na mawe. Kisha akamwita mama yake, akaomba maji. Nilidhani ana kiu. Mama alileta kata, akampa, akataka kusimama hapo, Tryphena akamwambia, "Mama, tuache." Akajiinua, akaegemea mwimo wa mlango. Akatia maji mdomoni, akayapuliza uani kwa nguvu zake zote.

"Ya kwanza," akasema.

Akatia tena, akapuliza. "Ya pili."

Hiyo ya tatu ilichelewa. Alishika kata kwa mikono miwili, nikataka kumwendea akanikataza kwa mkono. Akatia maji mdomoni, akapuliza, yakatua juu ya mawe, juu ya kobe na juu ya shati langu, naye akalia kwa sauti, akaitaja. Aliitaja kwa jina. Kumbe alikuwa amempa jina, na mimi sikujua.

Nilikwenda nikakaa kizingitini kando yake. Tulikaa mpaka akapata pumzi.

"Sasa unaweza kwenda," akaniambia. "Sikufungi."

"Basi la leo limeshapita."

"Liko la kesho."

"La kesho nalo litapita," nikasema.